Tangi Tupu Si Tupu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, juu ya kutengeneza tangi la pikipiki ya zamani lililoliwa na kutu)



Halmashauri imeniomba nizungumze nanyi jioni hii juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina uhusiano wo wote na kalamu wala daftari, nalo ni kutengeneza tangi la petroli la pikipiki ya zamani. Asili ya ombi hilo wengi wenu mwaijua. Mwenzetu mmoja wa masjala amerithi kwa babu yake pikipiki ya Kiingereza aina ya BSA M20, iliyokaa bandani miaka mingi pasipo kuguswa. Mashine yenyewe yaonekana nzima. Tangi ndilo lililoharibika kwa kutu. Baadhi yetu wamemshauri alitupe, akaagize jipya kutoka India, ambako matangi ya mfano huo yatengenezwa hata leo. Wengine wamemshauri alipeleke kwa fundi wa kuchomelea Jumamosi hii, matundu yazibwe kwa moto, mambo yaishe. Shauri la kwanza ni la gharama tu. Shauri la pili laweza kuua mtu, na kwa sababu hiyo nimekubali kusimama hapa.

Kwanza nieleze kidogo habari za mashine hii, maana haifai kushika spana juu ya kitu usichokijua. Pikipiki za M20 zilianza kutengenezwa mwaka 1937 katika kiwanda cha Small Heath, mjini Birmingham. Vita vilipozuka mwaka 1939 jeshi la Uingereza likazichukua kwa wingi, hata jumla yake wakati wa vita ikafika yapata 126,000. Injini yake ina ujazo wa sentimita 496, na nguvu zake ni za farasi 13 tu, kwa hiyo si mashine ya kushindania mbio. Sifa yake ni kutokataa kazi, tena askari aliyefundishwa kidogo tu aliweza kuifungua na kuifunga kando ya njia. Vita vilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa raia. Kiwanda chenyewe kilifungwa katika miaka ya 1970, walakini mashine zake zingali zikitembea barabarani, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya viti vya ofisi yetu vilivyonunuliwa mwaka juzi.

Tangi lake huchukua galoni 3 za Kiingereza, yaani lita 13 na nusu hivi. Limefanyizwa kwa mabamba ya chuma yaliyokunjwa na kuunganishwa, nalo limekalia fremu kama shogi juu ya mgongo wa punda: katikati limepanda juu, na pande mbili zimening'inia. Liangalieni sana umbo hilo, kwani ndilo lenye siri ya ugonjwa.

Watu hudhani kutu huletwa na petroli. Sivyo. Petroli safi hailidhuru bamba. Adui ni maji pamoja na hewa. Tangi lililojaa nusu huvuta pumzi kama mtu. Mchana jua likiwaka, hewa iliyo ndani hutanuka na kutoka kwa kitundu kidogo cha kifunikoni. Usiku kukipoa, hewa ya nje huingia pamoja na unyevu wake, na unyevu huo hushika darini mwa tangi kama umande. Matone yakiwa mazito huteremka. Na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hayaelei, bali huzama mpaka chini kabisa, huko katika vifuko viwili vya shogi. Aghalabu bilula ya petroli iko upande mmoja. Basi maji ya upande huo hutoka siku moja moja, lakini ya upande wa pili hukaa mwaka hata mwaka, yakila chuma polepole. Wakaao pwani wana shida zaidi, maana hewa yao ina chumvi. Na siku hizi katika nchi kadha wa kadha petroli huchanganywa na spiriti itokanayo na miwa au nafaka, kama Uingereza ambako tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ina spiriti hadi sehemu 10 kwa mia. Spiriti hupenda maji na kuyavuta kutoka hewani, kwa hiyo pikipiki inayolala miezi mingi na petroli ya namna hiyo huugua upesi zaidi.

Dalili zake kila mwenye pikipiki kuukuu azijua. Injini huwaka vizuri, hukwenda maili moja, kisha hukata pumzi. Ukingoja kidogo huwaka tena, na mbele kidogo hufa tena. Mafundi hubadilisha plagi, husafisha kabureta, hulaumu waya. Lakini unga wa kutu ulio mwembamba hupita katika kichujio na kuziba kitundu cha kabureta, na ukikisafisha leo, kesho tangi litaleta unga mwingine.

Sasa nafika penye jambo lililonileta. Sisi makarani tuna neno tunaloliandika kila siku pasipo kulifikiri, nalo ni neno "tupu". Stoo ina mapipa 40. Yaliyojaa 12, matupu 28. Tunajumlisha, tunatia sahihi. Huko Marekani alikuwako mtu jina lake Benjamin Lee Whorf, mwajiriwa wa kampuni ya bima ya moto katika mji wa Hartford, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza sababu za moto katika viwanda na maghala; na saa za mapumziko alikuwa mwanafunzi hodari wa lugha. Aliona kwamba penye mapipa yaliyojaa petroli watu walijihadhari sana, lakini penye mapipa yaliyoitwa matupu walivuta sigara na kutupa vipande ovyo, ijapokuwa hayo matupu ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa yamejaa mvuke. Makala yake juu ya habari hizo ilitokea mwaka 1941. Watu wale hawakuwa wajinga. Walidanganywa na neno.

Nimejaribu kulipigia jambo hili hesabu kwa tangi la mwenzetu. Mvuke wa petroli huwaka kwa mlipuko ukiwa kati ya sehemu 1.4 na sehemu 7.6 kwa mia za hewa. Ukipungua hapo hauwaki. Ukizidi hapo hewa haitoshi, nao hauwezi kulipuka. Katika tangi la lita 13 na nusu, petroli inayotosha kuufikisha mvuke kwenye kiwango cha chini cha hatari ni kama sehemu ya tano ya kijiko kimoja cha chai. Hiyo ni matone machache, kiasi ambacho mtu yeyote ataapa kwamba tangi ni kavu. Na kiwango cha juu hufikiwa kwa kijiko kizima hivi. Kwa hiyo tangi lenye petroli galoni 2 halilipuki kwa urahisi, kwani ndani yake mvuke ni mwingi kupita kiasi. Bali tangi lililomwagwa, likapinduliwa, likatikiswa, likaandikwa "tupu", ndilo lililopimwa barabara kwa ajili ya mlipuko, kana kwamba mkemia amelipima.

Tena kutu yenyewe huongeza hila. Si ngozi laini, bali ni magamba juu ya magamba, na kati ya magamba hayo, na katika mikunjo ya mabamba, petroli hujificha. Ukilisuuza tangi mara moja kwa maji baridi, harufu huondoka nawe waridhika. Fundi akiliwasha moto kwa nje, joto huitoa petroli ile mafichoni, nayo hugeuka mvuke ndani ya tangi wakati uleule moto uko tunduni. Mabwana, mara nyingi si fundi mwenyewe alishikaye tangi. Hulishika kijana anayejifunza kazi, amelibana katikati ya magoti, uso wake ukiwa karibu na kinywa cha tangi ili aone vizuri. Na fundi hakupuuza kwa ubaya. Mtu amekuja amevaa shati jeupe, amesema, "Limeoshwa hili," naye akamwamini kwa kuwa ni mtu wa ofisini. Mwenye tangi ndiye ajuaye lilichobeba na jinsi lilivyooshwa. Basi jukumu la kusema kweli ni lake kabla halijawa la fundi. Mimi singependa mwanachama wetu hata mmoja asimame hospitalini akimweleza mama wa kijana yule maana ya neno "tupu".

Kwa hiyo kazi ianze hivi. Tangi lifunguliwe nje, penye upepo, mbali na jiko, na taa ya mafuta, na sigara. Petroli ya zamani imwagwe katika debe lenye kifuniko, wala si mtaroni. Tope la chini nalo listahiwe: petroli ya zamani ilitiwa risasi, ambayo ni sumu. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa ajili ya magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Tangi la mwenzetu lililala kabla ya hapo. Basi vaeni glavu, wala msiache tope likauke mkalipuliza kwa mdomo.

Kisha ling'olewe bilula, nalo lijazwe maji ya moto na sabuni ya unga mpaka yafurike kinywani. Nasema mpaka yafurike, maana palipo na maji hapana nafasi ya mvuke. Kusukasuka maji kidogo chini hakufukuzi kitu. Limwagwe, lijazwe tena, mara tatu au nne, halafu liachwe wazi kwenye upepo siku nzima. Baada ya hayo ndipo litazamwe kwa tochi ya betri na kioo kidogo. Mkiingia chumba cha giza na tochi ikawa ndani ya tangi, matundu yatajionyesha yenyewe kama nyota; yazungushieni chaki. Halafu bonyezeni bamba kwa bisibisi pande zote za chini. Bamba zima halibonyei. Likibonyea mahali pa upana wa kiganja, hapo hapana chuma tena, pana kutu iliyoshikana na rangi, na dawa yo yote ya kutoa kutu itatoa na bamba lenyewe. Ukaguzi huo ndio utakaowaambia kama kazi yaweza kufanyiwa nyumbani au la. Nami nashangaa jinsi watu wengi wanavyouruka.

Magamba makubwa hutolewa kwa mnyororo mwembamba. Wengine hutia kokoto; mimi sizipendi, kwani hubaki mikunjoni na kutoka siku usiyoitazamia. Wengine hutia nati, nazo zafaa, mradi zihesabiwe zikiingia na zihesabiwe zikitoka. Mnyororo una wema huu, kwamba ukishika ncha moja wote hutoka. Tangi livikwe blanketi, litikiswe na kupinduliwa nusu saa au zaidi, kwa zamu, na anayelalamika mikono apewe kazi ya kuhesabu.

Kutu inayobaki hutolewa kwa dawa, na dawa ni nyingi. Siki ya kawaida, yenye tindikali sehemu 5 hivi kwa mia, huila kutu kwa siku moja mpaka tatu. Ndiyo sababu ndimu na ukwaju husafisha sinia za shaba, kwa kuwa uchachu ni tindikali. Tangi lijazwe hata juu, maana darini nako kuna kutu, na rangi ya nje ipakwe grisi isije ikababuka. Molasi ya viwanda vya sukari, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji, hufanya kazi hiyo pia, ila huchukua wiki moja au mbili, na majirani wataiandikia Halmashauri juu ya harufu. Ile tindikali kali ya kusafishia vyoo siitaki kabisa. Kweli yafanya kazi kwa dakika chache. Lakini ikimaliza kutu huendelea kula chuma kizima, hutoa moshi unaochoma mapafu na hewa ya haidrojeni iwakayo, na huliacha bamba uchi kiasi kwamba kabla ya jua kutua limeota kutu mpya. Watu wenye haraka huipenda.

Iko njia nyingine ambayo mimi huipenda kuliko zote, nayo ni ya umeme. Tangi hujazwa maji yaliyotiwa magadi, kijiko cha mezani kwa kila lita. Haya magadi yetu ya kawaida, yatokayo ziwa Magadi huko Kenya na ziwa Natron huko Tanganyika ya zamani, ambayo mama zetu hutia katika maharage yapate kuiva upesi. Ondo la chuma huning'inizwa katika kinywa cha tangi, lizuiliwe kwa mpira au ubao lisiguse tangi po pote. Halafu huchukuliwa mashine ya kuchaji betri ya volti 12: waya wa chanya hufungwa kwenye ondo, na waya wa hasi hufungwa kwenye tangi. Hapo nawasihi mwandike kwa herufi kubwa. Mkigeuza nyaya, ondo litapona na tangi ndilo litakaloliwa. Zikiwa sawa, kutu hulegea na kugeuka nyeusi, ondo likaliwa badala yake, na chuma kizima cha tangi hakiguswi. Hewa ya haidrojeni hutoka, kwa hiyo kazi hii nayo ifanyiwe nje, na umeme uzimwe ukutani kabla ya kugusa nyaya, maana cheche moja yatosha. Ondo lisiwe la chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa hicho kina kromiamu, ambayo katika maji yale huweza kugeuka sumu mbaya. Wala msitie chumvi ya kupikia badala ya magadi. Hiyo hutoa klorini. Aliyezigundua kanuni za kazi hii, katika miaka ya 1830, ni Mwingereza Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, aliyeanza maisha kwa kujifunza ufundi wa kujalidi vitabu na kusoma vile alivyopewa kuvijalidi. Nalitaja hilo kwa ajili ya vijana wa masjala.

Tangi likiisha kutoka dawani pana saa moja ya hatari ya namna nyingine. Chuma safi chenye maji huota kutu mpya mbele ya macho, utando wa rangi ya machungwa. Kwa hiyo vitu vyote viwe tayari kabla ya kumwaga. Ikiwa dawa ilikuwa siki, suuzeni kwa maji ya magadi yaiue tindikali, kisha kwa maji safi ya moto, mwageni, tieni kikombe cha spiriti ya kuwashia, mkilizungusha tangi ili spiriti iyachukue maji yaliyobaki, mwageni tena, na liwekeni juani penye upepo mpaka likauke. Mashine ya kukaushia nywele isikaribie, kwani mvuke wa spiriti nao huwaka. Mara likikauka tieni mafuta ya injini nusu kikombe, lizungushwe kila upande, hata siku ya kutiwa petroli.

Matundu, sasa. Tundu la ukubwa wa kichwa cha pini hauna haja ya kulipelekea moto. Lehemu laini ya stani na risasi huyeyuka katika joto la nyuzi 183 hivi za sentigredi, na nyundo ya shaba ya kulehemia yaweza kupashwa moto mbali, ikaletwa penye tangi bila ndimi za moto. Tangi liwe limejazwa maji, tundu likiwa juu, ikaachwa nafasi ndogo tu kavu chini ya tundu ili maji yasiibe joto lote. Pakitakiwa kiraka kikubwa, kazi ni ya fundi wa kuchomelea, naye aambiwe yote: lilibeba nini, limeoshwa mara ngapi, lini, na alifanyie kazi likiwa na maji vilevile. Wako wanaoelekeza moshi wa motokaa ndani ya tangi wakidai kwamba unafukuza mvuke. Pasipo chombo cha kupimia, mimi siutegemei.

Mtauliza juu ya ile rangi nzito ya kumimina ndani, iuzwayo kwa sifa nyingi. Si uongo, yafanya kazi juu ya chuma kilichosafishwa kweli. Lakini juu ya kutu ni kupaka chokaa ukuta wenye mchwa: baada ya muda hubanduka vipande vipande na kuziba bilula, na aina nyingine hulainika kwa petroli yenye spiriti. Tena ikiisha kumiminwa, lehemu haishiki tena. Naiweka mwisho wa orodha.

Tangi la mwenzetu nimelitazama juzi, baada ya kuoshwa mara nne. Dari yake ni nzima. Kifuko cha upande usio na bilula kina matundu matatu ya kichwa cha pini, yamekaribiana, na bamba linalozunguka halibonyei. Basi haliendi India, wala haliendi kwa fundi. Likishatengenezwa, petroli ya kwanza ipitishwe bilulani ndani ya jagi la kioo mpaka itoke bila unga, kichujio kifunguliwe kila wiki kwa mwezi wa kwanza, na pikipiki ikilazwa ilazwe tangi likiwa limejaa mpaka shingoni.

Mwenzetu ameridhia kazi ifanyike mbele ya wanachama, Jumamosi saa 3 asubuhi, nyuma ya ukumbi huu. Mwenye mashine ya kuchaji betri aje nayo. Magadi na mnyororo nitaleta mimi. Wavuta sigara watawekewa benchi upande wa pili wa barabara. Niko tayari kwa maswali.